Kwanza Tulale Wapi

Watu wengi wa Mpanda wakipanga safari ndefu huanza na saa ya kuondoka. Mwalimu wa mtaani kwetu huanza na vitanda. Ana daftari la hesabu, lile la visanduku, na ukurasa wake wa kwanza una majina ya miji tu. Mbele ya kila mji ameandika nani atalala wapi: bibi chini ya paa la nyumba, watoto wakubwa ndani ya gari, shemeji yake, ambaye ndiye dereva, mahali patulivu kuliko pote, hata kama mwenye nyumba atashangaa kwa nini mama mzima analala sebuleni na kijana anapewa chumba. Akishawalaza wote ndipo anaporudi nyuma, saa kwa saa, kutoka kitandani hadi kwenye chakula cha jioni, kutoka chakula cha jioni hadi sheli ya mwisho, mpaka afike mlangoni kwake Mpanda. Saa ya kuondoka ndiyo inayoandikwa mwisho. Ikionekana ni ya usiku mno, hamwamshi mtu mapema. Anachofanya ni kukata kilomita.

Mimi ni jirani tu. Nimekaa barazani kwake mara nyingi, likizo ya Juni ikikaribia, nikitazama safari ikijengwa kidogo kidogo, na bado sijachoka kutazama.

Ufundi huu una sababu ya kuwa hapa. Mpanda ni mji wa waliokuja. Reli ililetwa na madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, na tawi lile la kutoka Kaliua, kilomita 210, bado linaishia hapa. Wakaja waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Mkoa wa Katavi ulipokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wakaja watumishi wa kila kabila na mafaili yao. Wenyeji hasa ni Wapimbwe, Wakonongo na Wabende. Sisi wengine tuna babu aliyezikwa mbali. Harusi ni barabara, msiba ni barabara, kumpeleka mtoto akamwone bibi mzaa mama ni barabara ya siku kadhaa. Mwaka ambao mchango wa familia umetosha, Mwalimu huchora mduara mzima: Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, kisha kurudi kwa Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora na Inyonga. Zaidi ya kilomita 2,000, na ndugu wa kusalimiwa karibu kila kituo.

Kwa safari ndefu kama hizi, ughaibuni wana magari yaliyozaliwa yakiwa nyumba, yenye jiko, choo na kitanda. Afrika iliyaona mapema: mwaka 1959 Wally Byam, Mmarekani mwenye kiwanda cha Airstream, aliondoka Cape Town na msafara wa nyumba 41 za kukokotwa na magari, wakaenda nazo mpaka Cairo. Hata sasa huwa tunawaona wageni wakipita kijiji cha Sitalike, karibu na hapa, na malori yao yenye madirisha ya vioo na ngazi ya kukunja. Mwalimu alipata kulizunguka moja, mikono nyuma, kama anakagua darasa. Akauliza ni watu wangapi wanaosafiri ndani yake. Wawili. "Nyumba yote hii!" akasema, na hapakuwa na wivu hata kidogo katika sauti yake.

Nyumba za barabarani zetu wenyewe ni malori. Nenda Tunduma, pale foleni ya kuvuka kwenda Zambia inapolala barabarani, utaona madereva wanafungua sanduku la chuma lililofungwa ubavuni mwa trela: ndani mna jiko, sufuria mbili, kibao cha kukatia, chumvi katika chupa, sabuni. Kitanda kiko nyuma ya kiti cha dereva. Shemeji wa Mwalimu aliwahi kuendesha malori hayo, na alipoacha alirudi na sanduku lake. Hilo sanduku ndilo mwanzo wa gari la familia kuwa nyumba.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya paa refu. Kiti cha nyuma kabisa kimeng'olewa, na mahali pake seremala wa mtaani ametengeneza jukwaa la mbao lenye godoro juu na nafasi ya mizigo chini. Seremala alitaka kutumia mninga. Huku kwetu kupendekeza mbao nyingine ni karibu na matusi. Mwalimu alikataa. Mninga ni mzuri na ni mzito, na uzito ule ungekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito. Akaagiza mbao za paini, zile zinazotoka Mafinga. Seremala alizikunjia uso, akazipigilia. Godoro hilo ni la usiku. Gari likitembea kila mtu yuko kwenye kiti na mkanda wake, na mtoto anayetaka kujilaza juu ya jukwaa kati ya Laela na Tunduma anajibiwa kwa neno moja.

Kufunga mzigo kuna sheria mbili zinazopingana, na uzuri wa kazi ya Mwalimu unaonekana hapo zinapogongana. Sheria ya gari inasema kizito kikae chini na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Chepesi ndicho kinachopanda kwenye keria. Mzigo mzito wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na mzito wa nyuma kabisa hunyanyua pua, usukani ukawa mwepesi mkononi. Sheria ya watu inasema kitakachotakiwa kwanza kiingie mwisho. Sasa maji ni mazito, dumu la lita 20 ni kilo 20 bila ubishi, na maji ndiyo yanayotakiwa kila saa. Yaende chini kabisa au yawe karibu? Mwalimu amewapa maji nafasi mbili: madumu makubwa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na kidumu cha lita tano mlangoni, kinachojazwa kila kituo. Anayekijaza ni mtoto wa pili. Kazi hiyo ina jina lake kwenye daftari, na hairithiwi mpaka amalize darasa la saba.

Kwenye keria hupanda magodoro ya ziada, ndoo tupu zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, na migebuka iliyokaushwa ya kutoka Karema. Migebuka si mizito, lakini haipandi kwa sababu ya wepesi. Inapanda ili abiria wafike wakiwa bado wanasalimiana. Huviringishwa ndani ya turubai, kamba ya manila ikapita juu mara mbili na kukazwa kwa fundo la kuvuta, lile ambalo shemeji hulifungua kwa mkono mmoja na wengine tukaomba kisu.

Asali ina matatizo yake. Ni zawadi ambayo mtu wa Katavi hawezi kwenda ugenini bila kuwa nayo, hasa ya Inyonga, ila haisafiri kwa adabu. Ikiwa ilirinwa kabla haijakomaa ina maji mengi. Maji hayo na joto la gari huichachusha, dumu likavimba, na kifuniko kikiachia kwenye mashimo kuna nguo zitakazovamiwa na sisimizi hadi Morogoro. Kwa hiyo madumu ya asali husimama wima ndani ya beseni, hayajazwi mpaka mdomoni, na kila jioni hufunguliwa kidogo kupumua. Nilimwona akirudisha dumu sokoni kwa kulitikisa tu na kutazama mapovu. Muuzaji hakubisha.

Na mchele? Kule Mpimbwe wanalima mpunga mzuri na shemeji kila mara hutaka kupeleka gunia. Mwalimu humkumbusha kuwa wanapitia Mbeya, na mtu aliyepeleka mchele kwa watu wanaokula wa Kyela hurudi na hadithi ya kuchekwa. Mchele unabaki. Karanga zinakwenda. Kila zawadi ina mji wake wa kushuka, na mbele ya jina la mji kimeandikwa kitakachochukua nafasi hiyo. Dumu la Mbeya likishuka, viazi vinapanda. Karanga za Iringa zikishuka, nafasi inangoja vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Kwa kuwa njia ni mduara, hawarudi walikopita: usiponunua hapo, basi. Hesabu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote, kwa sababu gari halizidi uzito hata siku moja, ilhali wenyewe wanaona wamebeba dunia.

Matairi ni eneo la shemeji, lakini Mwalimu anajua kuyasoma. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hapo kashata za tairi hazitakudanganya tena kwa upya wake. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani. Upepo hupimwa alfajiri, tairi likiwa la baridi, na huongezwa kulingana na mzigo. Njiani tairi likipata moto upepo hupanda wenyewe, na hapo ndipo vijana wa kujaza upepo hupenda kuupunguza kwa nia njema. Shemeji hawaruhusu. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja kila linapozunguka, likachemka, likapasuka.

Sasa kuondoka. Hapa Mwalimu hutumia jambo ambalo madereva wageni hulisahau. Nchi nzima ina saa moja, lakini Mpanda iko magharibi mno. Jua hutuchomozea karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi hapa bado ni usiku. Anayepanga kwa saa ya Dar huingia Hifadhi ya Katavi gizani, wakati viboko wanarudi mtoni na nyati wamesimama barabarani. Barabara ya Sumbawanga inapita katikati ya hifadhi hiyo ya tangu mwaka 1974, ambayo haina uzio. Mwalimu hutaka kufika Sitalike jua likiwa limeshatoka. Mpanda hadi Sitalike ni mwendo mfupi. Kwa hiyo chai hunywewa nyumbani, bila haraka, na mlango wa gari hufungwa saa moja.

Kituo cha kwanza ni Sitalike hapo hapo, mapema mno kwa mtu anayehesabu kilomita. Wanasimama kutazama viboko wa mto Katuma, ambao kiangazi, maji yakipungua, hubanana kwenye madimbwi hadi huwezi kujua mgongo huu ni wa nani. Watoto wanapiga kelele za siku nzima kwa robo saa. Bibi hunyosha magoti na kukumbusha kuhusu mkwaju wa Katabi, kule Ziwa Katavi, ambako watu huacha sadaka kwa mzimu wa mwindaji aliyeipa nchi hii jina. Halafu kila mtu, apende asipende, anakwenda kuchimba dawa kwenye choo cha kijiji. Hii ndiyo sababu halisi ya kusimama. Ndani ya hifadhi hakuna kuchimba dawa; huteremki kwenye gari. Chai ya asubuhi ilipimwa kwa kikombe kimoja kwa ajili hiyo, na maji hayagawiwi mpaka Kibaoni. Wengine hupanga safari kwa nguvu ya injini. Mwalimu huipanga kwa kibofu cha mdogo kuliko wote na magoti ya mkubwa kuliko wote, na dereva hubaki na kilichobaki.

Kabla ya kuondoka Sitalike nguo hukaguliwa. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda buluu iliyokoza na nyeusi; mitego ya vitambaa inayotundikwa porini hushonwa kwa rangi hizo hizo. Sweta la shule ni la buluu hiyo hiyo. Hivyo masweta huvuliwa na kufichwa chini ya jukwaa, vioo vinapandishwa, na shemeji anayependa shati lake jeusi amepewa la khaki bila kuulizwa.

Siku ya kwanza huishia Sumbawanga, kilomita kama 240. Shemeji alilalamika zamani: gari linaweza kufika Mbeya siku hiyo hiyo. Linaweza. Lakini siku ya kwanza ndiyo siku ya kugundua: mlio ambao haukuwapo jana, kamba inayolegea, mtoto aliyesahau viatu, dawa ya presha ya bibi iliyobaki juu ya kabati. Sumbawanga ina mafundi na spea, na iko karibu kiasi kwamba kitu kilichosahaulika kinaweza kufuata kwa basi kesho yake. Pia ni kwenye kimo cha kama mita 1,800, wakati Mpanda ni kama 1,100. Usiku wa Juni huko mablanketi yanajieleza yenyewe. Aliyeficha blanketi chini kabisa ya mzigo hurudia kufunga mzigo wote gizani. Mwalimu huyafunga mwisho, karibu na mlango, pamoja na yale masweta ya shule.

Ambapo hakuna ndugu, wanalala kwenye viwanja vya shule. Hili ni jambo la mwalimu na halimo katika kitabu chochote cha safari. Likizo shule ziko tupu, zina mlinzi, kisima, choo na mti wa kivuli. Anampigia mwalimu mkuu wiki mbili kabla, anajitambulisha, anataja anayemfahamu, na asubuhi ya kuondoka watoto wake hufagia uwanja mbele ya ofisi. Amelala hivyo kwenye miji ambayo hana hata mtu mmoja wa ukoo. Vijana wanaouliza kama kuna programu ya simu ya kutafuta sehemu za kulala, huwajibu kwa upole kwamba ipo, na kwamba yeye ana namba za walimu wakuu.

Mbeya, Makambako, Iringa: hapo daftari lina maneno machache, kwani lami ni nzuri na ndugu ni wengi. Vibao vya 50 vijijini vimeshahesabiwa ndani ya muda, ndiyo maana dereva hana sababu ya kukimbizana na tochi za trafiki. Mlima Kitonga una mstari wake mwenyewe. Shemeji hushuka na gia ile ile ambayo angepandia, kanuni ya malori. Injini ndiyo inayozuia gari, breki husaidia tu. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mwanzo mpaka mwisho hufika chini akinusa moshi wake. Kwa hiyo saa ya Kitonga huwekwa asubuhi, kabla malori hayajajaa na kabla dereva hajala. Baada ya mlo wa mchana shemeji hupewa nusu saa ya kulala chini ya mbuyu, na watoto wanajua kuwa nusu saa hiyo ni takatifu. Mikumi, ambako barabara kuu inapita hifadhini kwa kilomita kama 50, sheria za Sitalike zinarudi: choo kwanza, vioo juu, polepole.

Kuna mtoto wa nne, ambaye hutapika. Anakaa mbele karibu na dirisha, anatazama mbali barabarani, hapewi simu wala kitabu. Zamani palikuwa na mifuko ya plastiki kwa kazi hiyo. Tangu ilipopigwa marufuku mwezi Juni mwaka 2019, ana kindoo chake chekundu chenye kifuniko, maji kidogo ndani na kipande cha limao. Anakilinda kama mali. Chakula kinaliwa kwa mpangilio wa kuharibika: siku ya kwanza chapati na mayai ya kuchemsha, ya pili kuku aliyekaangwa mpaka akakauka, baada ya hapo ni sanduku la shemeji na mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, unaosafiri wima huku koki imefungwa. Wali haupakiwi kamwe. Unachacha upesi kuliko unavyodhani.

Kurudi kwa Dodoma na Tabora hupangwa kwa mkono mwepesi kidogo, watu wakiwa wameshazoea nafasi zao. Ila kati ya Sikonge na Inyonga pana pori refu, na zamani mto Koga ukijaa ulikuwa ukifunga njia. Lami imebadilisha hayo, lakini tangi bado hujazwa Tabora hata likiwa na nusu, na jua bado huangaliwa. Usiku wa kufika una ukurasa wake pia. Kabla ya kuondoka Mpanda, Mwalimu huacha nyumbani ndoo za maji zilizofunikwa, mkaa ndani, kiberiti juu ya mlango, unga na dagaa wa kutosha mlo mmoja, na mashuka safi vitandani. Watu waliochoka hawapelekwi dukani.

Siku mbili baada ya kurudi, kabla gari halijaoshwa, hukaa na shemeji barazani na daftari. Kila kilichobebwa kinasomwa kwa sauti na kujibiwa: kimetumika au hakikutumika. Jembe: limetumika, tope la kiwanja cha shule. Miavuli: hapana. Kioo kikubwa cha kunyolea: hapana, tena. Kisichotumika kinakatwa kwa mstari, na hakuna kinachoingia ukurasa mpya bila kingine kutoka.

"Mwalimu," shemeji alisema safari hii, "naomba jeki ya pili. Moja ikizama kwenye mchanga hatuna la kufanya."

"Ni kilo ngapi?"

"Kama tano hivi."

Akafungua ukurasa wa mizigo ya dereva, akashuka na kalamu taratibu, akasimama. "Jeki iandike. Viatu vyako vya harusi vinatoka, na redio."

"Redio, shemeji?"

"Basi na kibao cha kukatia. Chagua mwenyewe, kalamu hii hapa."